Wiski ya moshi: chupa ya kwanza iwe ipi?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Kigoma, na karibu zote zinazunguka jambo moja: wiski ya Uskoti yenye harufu ya moshi, na namna mtu asiyeizoea anavyoweza kununua chupa ya kwanza bila kutupa fedha yake. Tumezijibu pamoja, na tumeongeza moja ya Urambo, Tabora, kwa sababu inauliza jambo ambalo wengine wote wangefaidika kulijua. Majibu ni ya waliotimiza miaka 18.

SWALI: Wahariri, salaam. Ni mtumishi wa umma, naishi Mwanga, Kigoma. Nimezoea bia, na Konyagi mara mojamoja. Kwenye sendofu ya binti wa jirani nilionjeshwa wiski iliyonukia moshi wa kuni kabisa, nikaipenda, ila jina la chupa sikulisoma. Shemeji yangu anakuja kutoka Dar es Salaam kwa treni mwezi ujao na amekubali kuniletea chupa moja. Nimwambie ipi? Kila ninayemuuliza ana lake: Ardbeg, Lagavulin, Johnnie Walker.

JIBU: Mwambie Caol Ila ya miaka 12. Akiikosa, Talisker ya miaka 10. Bei za hizo zikikushinda, Johnnie Walker Black Label. Ardbeg iache kwanza. Sababu tunakupa kwa urefu, maana shemeji atafika dukani, atapiga simu na kusema "hiyo hakuna, kuna hii", na hapo utahitaji kujiamulia mwenyewe.

Wewe wa Kigoma una mwalimu mzuri karibu nawe. Pita sokoni au shuka mwaloni Kibirizi, uchukue mgebuka uliokaushwa kwa moshi, uuvunje mgongoni na kunusa pale ngozi inapoachana na nyama. Nje kuna harufu kali ya masizi. Ndani kuna moshi mtamu, mkavu, uliochanganyika na mafuta ya samaki. Harufu zote mbili zinatokana na jamii ya kemikali iitwayo fenoli, ambazo huzaliwa kuni zinapofuka polepole bila kuwaka vizuri. Wiski ya moshi inanukia hivyo kwa sababu ya fenoli hizohizo, ila Waskoti hawatumii kuni. Wanachoma piti: tabaka nyeusi za mimea iliyooza nusunusu kwenye kinamasi, wanazozikata kama matofali na kuzianika. Piti hujijenga kwa takriban milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kipande cha kina cha mita moja kina umri wa miaka kama elfu moja. Na kwa kuwa mimea ya kinamasi si miti ya msituni, moshi wake una mambo mengine ambayo mgebuka hauna.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba swali la kwanza si "moshi mwingi au mdogo". Ni "moshi wa namna gani". Kuna moshi wa jikoni: majivu, nyama choma, samaki, kuni zilizozimika asubuhi. Na kuna moshi wa zahanati: iodini, bandeji, mwani wa baharini, lami. Wewe umeandika "moshi wa kuni". Neno hilo moja limetusaidia kuliko mengine yote kwenye barua yako.

Caol Ila (tamka "Kalila") inatoka kisiwa cha Islay ("Aila"), pwani ya magharibi ya Uskoti, ina kilevi asilimia 43. Moshi wake ni safi na mwepesi, wa majivu, na nyuma yake kuna limau na mafutamafuta kidogo ulimini. Haikufichi kitu, na haikurushii ngumi. Talisker, ya kisiwa cha Skye, kiwanda cha mwaka 1830, ina asilimia 45.8, moshi wake ni wa wastani, una chumvi kwa mbali, na mwishoni kinapita kitu kama pilipili manga kooni. Mtu aliyezoea Konyagi, yenye asilimia 35, ataona Talisker ni kali kwenye funda la kwanza. Akitia maji kidogo inatulia.

Johnnie Walker Black Label ni mchanganyiko wa wiski nyingi, na Caol Ila ni mojawapo. Moshi umo, ila kwa mbali, kama wa jirani anayepika. Uzuri wake ni kwamba inapatikana karibu popote, hata katika chupa ndogo, kwa hiyo unaweza kujipima kwa gharama ndogo. Ukimaliza chupa ndogo na unajikuta unautafuta ule moshi kwenye kila funda, basi uko tayari kwa Caol Ila. Ukijikuta unapenda zaidi utamu wake, utakuwa umejiokolea fedha nyingi. Kuna nduguye aitwaye Double Black, mwenye moshi zaidi, naye ni daraja zuri.

Bowmore ya miaka 12 pia inafaa: moshi mpole, utamu wa asali, asilimia 40. Lagavulin ya miaka 16 ni wiski kubwa sana, nzito, tamu, ya moshi mnene, nasi tunaiheshimu. Lakini ni ghali, na mtu akianza nayo hawezi kujua anacholipia. Ardbeg ya miaka 10 tumekuambia uiache kwa sababu ya hesabu tu: kimea chake kina fenoli nyingi kuliko karibu zote tulizotaja, na kilevi chake ni asilimia 46. Anayeianza hiyo kwa kawaida huonja masizi na moto, kisha huapa kwamba wiski ya moshi si chakula cha binadamu, kumbe alikosea ngazi tu.

Makosa matatu ya dukani, mwambie shemeji ayakwepe. La kwanza ni kudhani kila wiski ya Islay ina moshi. Bunnahabhain ya miaka 12 na Bruichladdich iitwayo The Classic Laddie zinatoka kisiwa hichohicho na hazina moshi wa piti. La pili ni kudhani kila wiski ya Uskoti ina moshi: Glenfiddich na Glenlivet za kawaida hazina. La tatu ni kuchukua Jameson kwa sababu "zote ni wiski". Hiyo ni ya Ayalandi, nzuri kwa kazi yake, lakini moshi hutaupata.

Mwisho, fikiria kuchanga. Chupa ya mililita 700 ina toti 28 za mililita 25. Watu wanne mkichanga, kila mmoja anapata toti saba, na saba zinatosha kabisa kujua kama unaipenda. Mkigawana, tumieni chupa ndogo za kioo zilizo mpya. Chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kikohozi haifai hata ukiiosha mara kumi, na plastiki hunyonya harufu na kuirudisha.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi. Mgeni wetu aliniachia zawadi ya chupa ya Laphroaig ya miaka 10. Nilipoifungua ilinukia kama wodi iliyopigwa deki asubuhi. Mke wangu akasema imeharibika au ni bandia. Niimwage?

JIBU: Usiimwage! Hivyo ndivyo ilivyo. Laphroaig ("Lafroig"), kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1815 kusini mwa Islay, ndiyo mfano wa wazi kabisa wa ule moshi wa zahanati. Fenoli ni jamii kubwa. Waitwao guaiakoli wananukia moshi wa kuni. Waitwao kresoli wananukia lami na dawa ya kusafishia vidonda. Laphroaig ina kresoli za kutosha kumkumbusha kila mtu hospitali, na wapo wanaoipenda kwa hilo tu. Mama hajakosea pua, amekosea hukumu.

Kwa kuwa umeshaifungua, ifanyie hivi. Mimina mililita 20 hadi 25 kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, uiache dakika kumi na tano bila kuigusa. Harufu kali ya juu itapungua. Kisha tia kijiko kimoja cha chai cha maji, ambacho ni mililita 5, ukoroge kwa kuzungusha glasi. Sasa nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, glasi ikiwa usawa wa kidevu, si chini ya pua. Watu wengi hapo huanza kupata utamu kama wa vanila nyuma ya dawa. Rudia siku nyingine, si usiku huohuo, maana pua huchoka na moshi upesi sana na funda la tatu halikuambii tena kitu. Ikiwa baada ya majaribio matatu bado ni wodi, badilishana na mtu kwa chupa nyingine. Wiski iliyofunguliwa wiki mbili zilizopita haina tatizo lolote.

Kuhusu ubandia, harufu ya dawa peke yake si ushahidi. Angalia mambo mengine, tumeyaeleza kwenye jibu la msomaji wa Gungu hapo chini.

SWALI: Nalima tumbaku Urambo. Nasikia moshi unaingia kwenye wiski kwa sababu wanaunguza mapipa ndani. Ni kweli? Je, ni kama bani letu, nyumba ya kukaushia tumbaku?

JIBU: Mapipa huunguzwa kweli, lakini moshi hautoki huko. Pipa la mwaloni (mti wa Ulaya na Marekani, si mwalo wa samaki wa ndugu zetu wa Kigoma) likiunguzwa ndani huipa wiski vanila, karameli na rangi. Burboni ya Marekani yote hukaa kwenye mapipa mapya yaliyounguzwa, na kwa kawaida haina moshi wa piti.

Wewe mkulima utaelewa haraka kuliko wengine. Tumbaku yenu ya mvuke hukaushwa kwa joto linalopita kwenye mabomba. Moshi unatoka nje kwa bomba lake na haugusi jani. Wale wa Ruvuma wanaolima tumbaku ya moshi wao huwasha moto ndani ya bani, na moshi unapanda kwenye majani yenyewe. Wiski ya piti ni ndugu wa hiyo ya Ruvuma.

Kinachokaushwa ni kimea cha shayiri. Shayiri hulowekwa hadi ishike maji karibu asilimia 45, ikaachwa ichipue kwa siku kadhaa, kama mama anavyochipusha ulezi wa pombe. Kisha lazima uchipuaji ukomeshwe, na kinachoukomesha ni joto. Hapo piti huwashwa chini ya sakafu yenye matundu, ikafuka bila kuwaka, na moshi wake mzito ukapita katikati ya punje. Muda ndio kila kitu: fenoli hunata wakati ganda la punje lingali na unyevu. Likishakauka, ongeza piti unavyotaka, moshi utapita na kwenda zake. Kwa hiyo moshi hutangulia, hewa ya moto hufuata, hadi kimea kibaki na unyevu wa asilimia 5 hivi. Punje zikisagwa, zikatolewa sukari kwa maji ya moto, zikatiwa hamira na kutoneshwa mara mbili kwenye vyungu vya shaba, moshi unasafiri nazo hadi kwenye chupa.

Lakini hausafiri wote. Hapa kuna jambo linalotupendeza sana. Fenoli nyingi hutoka mwishoni mwa mtoneko. Mpishi anayefunga mapema, yaani anayeacha kukusanya pombe mapema, hupata pombe nyepesi ya moshi mdogo. Anayechelewa kufunga hupata moshi mzito zaidi, na akizidisha anapata na uchafu wa mkiani. Lagavulin na Caol Ila hutumia kimea kinachofanana, kutoka kiwanda kimoja cha kimea kilichopo Port Ellen. Ukizionja huwezi kuamini. Tofauti imetoka kwenye vyungu, na kwenye saa ya kufunga.

SWALI: Mwalimu, Kasulu. Kwenye chupa naona namba nyingi: 10, 12, 16, 40, 46. Na kijana mmoja ananiambia habari za "ppm". Je, 16 si bora kuliko 10?

JIBU: Namba ya miaka ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani, si wastani. Sheria ya Uskoti inataka isipungue miaka mitatu ndani ya mapipa ya mwaloni, kulekule Uskoti, na kilevi kisiwe chini ya asilimia 40. Kwa wiski ya moshi, umri mkubwa si lazima uwe bora, kwa sababu moshi hufifia pipani kadiri miaka inavyokwenda na mbao zinavyochukua nafasi. Anayetaka moshi mkali mara nyingi hununua wa miaka 10. Anayetaka moshi uliotulia, wenye utamu, hulipia 16 au zaidi. Kwa chupa ya kwanza, kati ya 10 na 12 panatosha.

Asilimia ya kilevi inakuambia utahitaji maji kiasi gani. Iliyo chini ya 43 mara nyingi inanyweka ilivyo. Ya 46 ukiitia kijiko kimoja cha chai cha maji kwenye mililita 30, inashuka hadi asilimia 39 na kidogo; fanya hesabu na wanafunzi wako.

Ppm ni sehemu za fenoli kwa kila sehemu milioni, na hupimwa kwenye kimea, si kwenye chupa. Bowmore huwa kama 25, Caol Ila na Lagavulin karibu 35, Laphroaig 40 na kitu, Ardbeg karibu 55. Kwa kuwa mtoneko na pipa hupunguza na kubadili, namba hiyo ni dira tu. Lagavulin yenye 35 watu wengi huiona nzito kuliko wenzake wenye namba kubwa. Usinunue chupa kwa ppm.

Na maneno: Single Malt maana yake ni kimea cha shayiri pekee, kutoka kiwanda kimoja. Blended ni mchanganyiko wa wiski za kimea na za nafaka nyingine, kutoka viwanda kadhaa. Neno la kutafuta ni Peated, au Peat, au Smoky. Lisipoonekana na chupa huijui, muulize muuzaji kabla ya kulipa.

SWALI: Gungu, Kigoma. Nitajuaje chupa ni halali? Kuna zinazouzwa rahisi mno, wanasema zimevuka ziwa.

JIBU: Wiski inayouzwa kihalali nchini lazima iwe na stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA. Simu yenye programu ya Hakiki Stempu huisoma na kukuambia ni ya bidhaa gani. Linganisha jibu na chupa uliyoshika. Stempu halisi iliyobandikwa kwenye chupa nyingine si kitu. Baada ya hapo angalia mfuniko: foili isiwe imekunjwa au kugundishwa upya, kizibo kisizunguke ovyo, na kiwango cha wiski kiwe juu shingoni kama cha wenzake rafuni. Lebo yenye makosa ya tahajia, irudishe. Na chupa yoyote isiyo na stempu, hata ikiwa na jina kubwa, usiinywe: ndani inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua kwa kiasi kidogo, na haina harufu ya kukuonya. Rangi isikudanganye pia. Waskoti wanaruhusiwa kutia karameli ya rangi, kwa hiyo weusi si ushahidi wa umri wala wa uhalali.

SWALI: Mama wa nyumbani, Ujiji. Mume wangu amenunua Talisker. Anaitia barafu nyingi na kola, halafu analalamika haina moshi. Siku nyingine aliitia maji ya bomba ikawa na ladha ya plastiki. Tunakosea wapi?

JIBU: Mama, umeeleza makosa mawili makubwa kwa sentensi mbili, asante.

Baridi hufunga harufu. Fenoli zinahitaji kupanda kutoka kwenye glasi ndipo pua izipate, na barafu inazizuia. Kola nayo ina sukari na viungo vinavyofunika kilichobaki. Akitaka kinywaji kirefu cha jioni, atumie Black Label mililita 30 na maji ya soda baridi mililita 90, glasi ndefu, barafu vipande vitatu vikubwa. Moshi hauzimiki hapo, na tangawizi ya chupa nayo inakubaliana nayo. Talisker aiweke kwa ajili ya glasi ndogo.

Ladha ya plastiki ndiyo iliyotufanya tuandike kwa furaha. Maji ya bomba yana klorini, na wengi huongeza vidonge au dawa ya klorini kwenye ndoo. Klorini ikikutana na fenoli huzaa klorofenoli, ambazo ulimi huzipata hata zikiwa chache mno, na ladha yake ni plastiki na dawa. Wiski isiyo na moshi ingevumilia, hii haivumilii. Tumia maji ya chupa yasiyo na chumvichumvi, au chemsha ya bomba kwa dakika kadhaa, uyaache yapoe sufuria ikiwa wazi. Maji yaliyohifadhiwa kwenye mtungi uliofukizwa ubani yasitumike, harufu itashindana.

Kiasi cha maji apime, asikadirie. Bomba la sindano la mililita 5 la famasi, bila sindano, ndicho kipimo bora tunachokijua. Kwa mililita 25 za Talisker aanze na mililita 2, aonje, aongeze 2, aonje tena. Ikifika mahali ladha inakuwa nyepesi kama chai ya pili, amepita. Funda la kwanza asilihukumu, hilo ni la kuuzoesha mdomo kilevi. La pili alishike ulimini kwa sekunde kumi kabla ya kumeza. Glasi nyembamba juu na pana chini inakusanya harufu. Kama hakuna, kikombe kidogo cha kahawa cha kaure kinafaa kuliko bilauri pana.

Na chakula: asinywe mara baada ya kula mgebuka, pua itakuwa imejaa. Ila kipande kidogo cha mgebuka pembeni, mhogo wa kuchoma na chumvi, au karanga za kukaanga, vinaendana nayo vizuri sana. Mawese mengi hayafai, yanafunika ulimi.

SWALI: Bangwe, Kigoma. Wiski yangu (asilimia 46) niliiweka friji, ikawa na ukungu. Imeharibika? Na nihifadhi wapi, maana nyumba ni ya bati?

JIBU: Haijaharibika. Viwanda vingi hupoza wiski na kuichuja ili mafuta yake yasigande. Baadhi ya wiski za asilimia 46, kama Ardbeg, hazichujwi hivyo, na zikipata baridi au maji mafuta hujitokeza kama ukungu. Itoe nje, itapotea.

Friji haihitajiki. Kabati la chini, ukuta wa ndani, mbali na jiko na dirisha. Juu ya kabati chini ya bati ndipo pabaya kuliko pote. Chupa isimame wima, tofauti na mvinyo, kwa sababu kilevi kikali hula kizibo cha gome. Ila ipindue sekunde chache mara moja kwa mwezi ili kizibo kisikauke na kukatikia ndani. Kikikatika, chuja kwa chujio la chai lililo kavu na safi, tumia kizibo kingine. Ikibaki chini ya theluthi moja, hewa iliyomo huanza kuula moshi. Hamishia kwenye chupa ndogo ya kioo, au imalize ndani ya miezi michache.

SWALI: Kijana, Katubuka. Wanasema wiski hii ya moshi inatibu kikohozi kwa sababu ina dawa ndani. Na nikinywa toti mbili ni sawa na bia ngapi?

JIBU: Haitibu. Harufu ya iodini si iodini ya tiba. Ukiwa kwenye dozi ya metronidazo (antibiotiki), acha kilevi chochote hadi siku tatu baada ya kidonge cha mwisho, na dawa nyingine muulize mfamasia.

Toti mbili za mililita 25 za wiski ya asilimia 46 zina mililita 23 za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 ya asilimia 5 ina 25. Yaani toti mbili ni bia moja kubwa, pungufu kidogo, ila zinapita kooni kwa dakika mbili. Kama umekuja na bodaboda yako, iache hapo, urudi kwa ya mwenzio.